Mtega kware wa Shauri Moyo na hesabu iliyozidi

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, nyasi za mbuga iliyo nyuma ya Embakasi zimelowa umande, na suruali ya Zablon Andati imemganda mpaka magotini. Hajali. Amekwisha kusimamisha mti wake, mrefu kupita watu watatu waliopandiana mabegani, na kileleni vinaning'inia vikapu vitatu vyembamba. Ndani ya kila kikapu mna kware mmoja aliye hai.

Hao watatu huitwa waitaji. Kukipambazuka wanaanza kulia, na kware wa porini waliofuata mvua huwasikia, wakatoka kwenye nyasi ndefu kuja kuona ni nani anayewaita. Hupita kwenye vijia alivyovifyeka Andati kwa panga. Humo ndimo mlimotegwa vitanzi vya nywele za mkia wa ng'ombe, vyembamba hata mgeni hawezi kuviona mpaka aonyeshwe.

Akivifunga huvihesabu kwa sauti. "Kumi. Kumi na kimoja. Kumi na viwili. Basi." Anainuka na kujipangusa mikono kwenye koti. Ni vitanzi kumi na viwili kwa sababu kibali chake kinasema kware kumi na wawili kila Jumamosi, mvua ikiwako. Kwao Butere, ujanani mwake, alikuwa akitega mia na hakuna aliyemuuliza.

"Mtu akitega mia halafu aseme atachukua kumi na wawili, huyo anajidanganya," asema. "Ndege akishaingia, mkono unakataa kumwachilia. Afadhali uufunge mkono mapema."

Ni maneno mazuri, na kwa hakika ndiyo yaliyomtoa mwandishi kitandani alfajiri hii. Tangu Pasaka, habari za Andati zimepita kanisa hadi kanisa, kuanzia Shauri Moyo hadi Bahati: kwamba kuna mtega ndege aliyekuwa na wakwe ishirini na wanane wa kuwalisha, porini hakuna aliyemwona, naye akakataa kuongeza hata ndege mmoja juu ya kibali chake. Gazeti lilitaka kumwona mtu huyo.

"Utamwona," asema Andati, akichutama kwenye nyasi. "Lakini habari yenyewe umeletewa nusu. Ngoja tumalize kazi."

Andati ana umri wa miaka hamsini na miwili. Ni mfupi, mwenye mabega mapana na vidole vilivyokakamaa kwa kusuka. Siku za kazi hukaa Gikomba, ng'ambo ya maseremala, akisuka matenga ya kubebea kuku. Tenga moja humpa shilingi kumi na tano, na wiki nzuri husuka kumi na sita au kumi na saba. Kware huwauzia wenye hoteli pale pale sokoni kwa shilingi sita mmoja. Kwa kazi hizo mbili amelipa kodi ya nyumba ya baraza la jiji kwa miaka kumi na tisa, na amemsomesha binti yake Lenah mpaka kidato cha nne.

Serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, watega kware wengi walidhani nao wamekwisha. Wengine walichoma vitanzi vyao. Andati alivaa koti lake la kanisani, akaenda kwa bwana nyama, ndivyo wazee wanavyomwita afisa wa wanyamapori, akaketi kwenye benchi siku tatu mpaka akasikilizwa. Mwaka wa 1979 watu wanane wa mitaa ya Mashariki mwa Nairobi walipewa vibali vya ndege. Sharti lilikuwa moja: mmoja wao akizidisha, arudishe kibali chake kwa mwaka mzima, na wenzake wakimficha, vibali vyote vinane vifutwe.

Andati akawa mwenyekiti wa chama chao, na ndiye aliyeanzisha hesabu ya barabarani. Kila Jumamosi, kabla hawajapanda baiskeli zao, wategaji hukutana kando ya lami. Kila mmoja hufungua kikapu cha mwenzake na kuhesabu kwa sauti wote wasikie. Mtu mmoja alipotaka wapekuane na mifuko, Andati alimkatalia mbele ya wote.

"Niliwaambia sisi si wezi," akumbuka. "Tukianza kupapasana, tutakuwa wezi. Kikapu kinatosha."

Novemba mwaka jana, kikapu kilimtoa Nabiswa. Huyu Nabiswa, mmoja wa wale wanane, ni msukuma mkokoteni wa Gikomba, jirani ya Andati, na rafiki yake wa miaka mingi. Siku hiyo alikutwa na kware kumi na tisa. Hakukana. Alisema mtoto ana surua na hospitali inataka pesa, na kwamba hao saba wa ziada ni wa dawa. Wenzake walitazama chini. Wangemwacha.

Andati hakumwacha. Alimjibu kwa sentensi ambayo leo, akiirudia, anaisema haraka apate kuimaliza: "Hesabu haijui surua."

Nabiswa akatoa kibali. Mtoto alipona, lakini tangu siku hiyo Nabiswa akipita na mkokoteni wake mbele ya matenga ya Andati hutazama upande wa pili.

Juu ya mti waitaji wanalia kwa zamu. Kitanzi cha nne kinatikisika na Andati amekwisha kufika, haraka kuliko mtu anavyotarajia kwa umri wake. Anamtoa ndege, jike, anampapasa tumbo kwa kidole gumba. "Ana mayai," asema, na kumwachilia. Jike halihesabiwi na kitanzi chake hakitegwi tena siku hiyo. Hilo halimo kwenye kibali. Amejiwekea mwenyewe.

Sasa Pasaka.

Lenah ana mchumba, Patrobas, kijana wa reli mwenye asili ya Bungoma. Patrobas alipokuja mara ya kwanza kusalimu, Andati alifurahi mno, na furaha ikamponza. Kwao kware, au isindu kama wanavyomwita, hakatwi vipande. Ni mdogo, na kumpa mgeni nusu yake ni kumwambia mgeni kuwa hakutarajiwa. Andati akapiga kifua mbele ya kijana: kila mkwe atakayeketi kwake siku ya kujitambulisha atakula isindu mzima. Patrobas alikuwa amesema watakuja watu kumi. Kumi kwa ndege kumi na wawili, hesabu ilikaa sawa na baba akalala usingizi mzuri.

Alhamisi Kuu, Patrobas akaja mbio. "Mzee, mambo yamekuwa mengi. Baba mkubwa amealika ukoo. Ni watu ishirini na wanane."

Baba mkubwa huyo ni Mzee Lusweti, karani mstaafu wa reli na mtu mwenye sauti katika kanisa la Bahati. Patrobas aliongeza, kwa aibu, kwamba mzee amewaahidi wote isindu. Ahadi ya Andati ilikuwa imesafiri na kuzaa.

Mtu atauliza kwa nini asiwaombe wenzake. Alijaribu. Watano walikuwa wamekwenda nyumbani kwa Pasaka. Aliyebaki Nairobi ni Ngui, kijana wa Machakos, na ndege wa Ngui walikuwa wamekwisha kulipiwa na hoteli. Jecinta, mke wa Andati, alimshauri akiri mapema na kuongeza kuku. Usiku wa Ijumaa Jecinta alimwona akitoa kitu chini ya kitanda na kukitia mfukoni. Kilikuwa kifurushi cha vitanzi thelathini vya zamani, vya siku za Butere.

"Nilijiambia ni vya akiba," asema. "Mtu akitaka kukosa, kwanza hujitafutia jina zuri la kosa."

Jumamosi hiyo mbuga ilijaa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na kware walikuwa wametua kwa mamia. Ngui alikuwa upande wa pili wa korongo. Andati alifunga vitanzi kumi na viwili, akasema basi, akasimama. Waitaji walilia. Akaona nyasi zinavyochezacheza kila upande. Akachutama tena, akafungua kifurushi.

Vitanzi arobaini na viwili haviangaliki na mtu mmoja. Ukiwa na kumi na viwili, ndege akinaswa unafika naye bado anapumua, na usiyemtaka unamwachilia. Siku ile alikuwa akikimbia huku na kule na huko nyuma yake wanajinyonga. Alipokusanya, walikuwa thelathini na mmoja. Hesabu ilitosha wakwe wote na watatu wakabaki.

"Nilifurahi," asema bila kupunguza. "Usiandike kwamba niliogopa. Nilifurahi kabisa, nikaona sura ya Mzee Lusweti akipewa isindu wake. Nikaanza kufunga kikapu. Ndipo nikajiuliza, Ngui akiniuliza nitamwambia nini? Nikajisikia mdomo unatengeneza jibu: nina wakwe. Na hapo hapo nikasikia lile neno langu la surua. Mimi nilimnyima Nabiswa mwenye mtoto mgonjwa, halafu mimi najipa karamu!"

Alifungua kikapu. Kware kumi na saba waliokuwa hai wakaruka. Kumi na wanne hawakuruka.

Hapo ndipo habari iliyoenea makanisani inapoachana na ukweli. Andati aliwahesabu wale waliokufa mara tatu, kama kwamba hesabu ingepungua. Kumi na wawili akawatia kikapuni. Wawili aliwashika mkononi muda mrefu. Kuwatupa nyasini aliona ni dharau kwa ndege aliyemuua bure, na kuwatia kikapuni ni kuvunja kibali. Akawatia mfuko wa ndani wa koti.

Kando ya lami, Ngui alifungua kikapu cha Andati, akahesabu kwa sauti mpaka kumi na wawili. "Safi, Mwenyekiti," akasema. Wala hakutazama mfukoni, kwa kuwa mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyekataza.

Saa tisa alasiri wakwe waliketi kwenye mabenchi ya kanisa, uani kwa Andati, Shauri Moyo. Kulikuwa na ugali, nyama, na kuku wa Jecinta. Ndege kumi na wawili waliletwa kwenye sinia, nyuso zikaanza kuhesabu. Andati alisimama, akasema niliahidi kila mtu isindu, kibali changu ni kumi na wawili, nisameheni.

Shangazi mmoja wa Patrobas akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba baba asiyetimiza neno la ndege atatimizaje la binti. Mzee Lusweti akainuka.

"Wakwe," alisema, "mimi leo nimeshiba kabla ya kula. Mtu anayekataa kuzidisha porini mahali asipoonekana, huyo binti yake tunamchukua bila kuuliza maswali. Hawa ndege wapeni kina mama."

Watu wakapiga makofi. Mashangazi wakapiga vigelegele, hata yule aliyenong'ona. Harusi ikapangiwa Agosti. Na koti la Andati lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, hatua nne kutoka alipoketi.

"Sijawahi kupigiwa makofi maishani," asema Andati. "Yalinichoma."

Jioni, akikusanya nguo, Jecinta alitia mkono mfukoni. Akatoa mmoja, akatoa wa pili, akawaweka mezani. "Baba Lenah, na hawa?"

Alimwambia yote. Lenah naye akasikia, akalia. Alimsihi baba yake angoje mpaka Agosti ipite, maana Mzee Lusweti amekwisha kumsifu mbele ya ukoo na sifa ikigeuka aibu, ni yeye Lenah atakayeolewa nayo. Andati aligeuka kumtazama mkewe, akitumaini, kwa maelezo yake mwenyewe, kwamba atakubaliana na mtoto.

"Ukingoja utazoea," Jecinta akasema. "Na ukishazoea, mimi nitakuwa nimeolewa na mtu mwingine."

Jua lilikuwa halijazama. Andati aliwafunga wale wawili kwenye gazeti, akavuka nyumba tatu, akabisha hodi kwa Nabiswa. Miezi mitano walikuwa hawajasalimiana.

"Wangapi?" Nabiswa aliuliza alipomaliza kusikia.

"Wawili."

"Umekuja kunipa au kuniambia?"

"Kukuambia."

"Basi umekosa nyumba, Zablon. Mimi sikumwambia mtu mmoja mlangoni. Mimi nilisimama mbele ya watu saba, na wewe ukiwemo." Akamrudishia gazeti lake na kufunga mlango, taratibu, bila kuubamiza. Paka wa Shauri Moyo walikula Pasaka vizuri mwaka huu.

Imempita Jumamosi ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Kila moja alitega kumi na viwili, akafika barabarani akikusudia kusema, akahesabiwa, akapanda baiskeli. Wenzake walirudi kutoka nyumbani wakiwa wamekwisha kusikia sifa zake huko huko. Mmoja alipendekeza wamchangie zawadi.

Andati alipoambiwa kwamba gazeti linamtafuta, Jecinta anasema, aliacha chai yake ikapoa. Kisha akasema waje, waje Jumamosi.

Saa mbili kasoro robo, waitaji wameshushwa na vikapu vyao vimefunikwa leso ili wanyamaze. Andati ana kware tisa tu leo. Kando ya lami watu sita wanamngoja na baiskeli zao, wanatania kamera ya mwandishi, wanajipangusa viatu. Ngui anafungua kikapu cha Andati, anahesabu. "Tisa! Mwenyekiti, leo umetuonea huruma."

"Ngui, ngoja usifunge," asema Andati.

Anavua koti lake. Analigeuza, anatoa mfuko wa ndani nje, mtupu, ukiwa na madoa mawili ya kahawia. Anawaeleza, kwa sentensi fupi, bila kuitaja karamu wala wakwe, mpaka anapoulizwa. Vitanzi arobaini na viwili. Kware thelathini na mmoja. Kumi na wanne waliokufa. Wawili mfukoni.

Lori linapita kuelekea uwanja wa ndege na kuwaachia vumbi.

"Mzee, wacha hii maneno," asema Ngui hatimaye, na sauti yake ina hasira. "Wawili si saba. Na walikuwa wamekufa tayari. Ungefanya nini, uwafufue? Hata bwana nyama mwenyewe angekusamehe."

"Pengine angenisamehe. Nabiswa tulimpeleka akasamehewe?"

"Huyo alikamatwa. Wewe hukukamatwa."

"Ndiyo ubaya wenyewe," asema Andati. "Yeye tulimfungua kikapu. Mimi mliniamini mfuko."

Anatoa kibali, karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki, anakiweka juu ya kifuniko cha kikapu. Ngui hakigusi. Kinakaa hapo, upepo unakichezea pembe, na wanaume sita wazima wanakitazama. Mkubwa kati yao anasema kwamba Andati akitoka, chama kitakufa. Andati anamjibu kwamba chama kinachokufa kwa sababu mwenyekiti amehesabiwa, kilikuwa kimekufa Pasaka. Mwishowe Ngui, macho yamemlowa na hataki yaonekane, anakichukua. Yeye ndiye katibu wa chama. Barua kwa bwana nyama itaandikwa Jumatatu, na kuanzia leo mifuko itageuzwa.

Ataishi vipi mwaka mzima? Andati anasema matenga yapo. Itabidi aanze kusuka taa ikiwa imewashwa alfajiri, na Jecinta ataongeza siku za kufua nguo za watu. Waitaji wake watatu amemkabidhi Ngui awatunze. Kibali cha Nabiswa kitafunguliwa Novemba, mvua za vuli zikianza, na hilo ndilo analolitumainia kuliko yote: kwamba Nabiswa atamruhusu ambebee mti.

"Si kutega," asema. "Kubeba tu, mpaka hapa porini, na kurudi. Akikataa, nitamwomba tena wiki inayofuata. Nina Jumamosi nyingi."

Kesho baada ya ibada ana safari ngumu zaidi, ya kwenda Bahati kwa Mzee Lusweti. Harusi ya Agosti inaweza kusimama na inaweza kuanguka, naye hajui. Lenah, aliyelia wiki nne, jana usiku alipiga pasi shati lake, na la baba yake. Watakwenda pamoja.

Andati anapanda baiskeli. Kabla hajakanyaga pedali, mwandishi anamuuliza iandikwe hesabu gani ya ile Jumamosi, maana habari inayojulikana mjini ni ya kware kumi na wawili, na gazeti hili litasomwa mpaka ofisi ya bwana nyama.

"Kumi na wanne," asema. "Na jina langu uliandike lote. Zablon Mukoya Andati, wa Shauri Moyo."